Unataka kuanza kusikiliza jazi? Anza na Ndugu, Mganga na Mwandishi

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KAMPALA ina namna yake ya kumtisha mtu anayetaka kuijua jazi. Bango linatangaza usiku wa jazi kwenye bustani ya hoteli, picha ni ya mtu aliyevaa suti ameshika saksafoni, na chini yake bei ya meza ya watu kumi imeandikwa kama bei ya kiwanja. Kijana wa Kawempe au Ndeeba anayelipita bango hilo akiwa nyuma ya bodaboda anahitimisha jambo moja tu: huo ni muziki wa wakubwa. Anaendelea na safari yake, na kwenye simu anaendelea na nyimbo alizozoea.

Kijana huyo akivuka mpaka wa Mutukula na kusafiri hadi Dar es Salaam, neno hilohilo linabadilika. Huko, "Jazz" ni kama jina la ukoo la bendi za zamani. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, kisha zikaja Tabora Jazz, NUTA Jazz na nyingine nyingi. Ng'ambo ya Kongo kulikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyozaliwa mwaka 1956. Kandokando ya Ziwa Victoria, D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alijenga jina nchini Kenya na kundi lake la Shirati Jazz, na alichokuwa akipiga ni benga. Bendi hizi hazikuwa zikipiga muziki wa New Orleans. Neno lilimaanisha bendi ya kisasa yenye vyombo vya kigeni na watu wanaocheza dansi. Mzee wa Morogoro akikuambia anapenda jazi, huenda anamzungumzia Mbaraka Mwinshehe.

Kwa hiyo msikilizaji mpya wa eneo letu anaanza akiwa na neno moja lenye maana mbili: muziki wa hotelini usiomhusu, na dansi ya babu yake. Jazi ya Wamarekani weusi, pamoja na mdogo wake fanki, iko mbali na zote mbili machoni pake. Ila ipo njia ya kuifikia inayopita hapahapa nyumbani, na kwa msomaji wa Kiswahili ni fupi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mdundo wa kwanza

Orodha nyingi za kumkaribisha mgeni kwenye jazi humwanzishia na rekodi za miaka ya 1920, halafu zinampandisha ngazi muongo kwa muongo. Ni sawa na kumfundisha mtu Kiswahili kwa kumfungulia Utendi wa Tambuka. Atatoka na heshima kubwa kwa lugha na hatarudi tena.

Afadhali aanze na wimbo ambao karibu kila baa ya Kampala imewahi kuupiga: "Billie Jean" wa Michael Jackson. Kabla ya besi na kabla ya sauti, kuna dramu peke yake. Aliyezipiga anaitwa Leon Chancler, lakini wanamuziki wenzake na majalada ya santuri walimjua kwa jina jingine: Ndugu. Ndiyo, neno letu hilohilo. Alifariki Februari 2018 akiwa ameacha mdundo unaotambulika duniani kote ndani ya sekunde mbili.

Usikilize tena kwa makini. Ndugu hafanyi mbwembwe yoyote. Anaweka pigo mahali pake, analirudia, hachoki, na kwa sababu hachoki kila chombo kinachofuata kinapata pa kusimama. Huo ndio msingi wa fanki, na aliyeuweka hadharani ni James Brown. Katika "Papa's Got a Brand New Bag" ya mwaka 1965, na zaidi katika "Cold Sweat" ya mwaka 1967, Brown aliichukua bendi nzima akaigeuza ngoma. Gitaa liliacha kuimba likaanza kukwaruza, tarumbeta na saksafoni zikaacha kubembeleza zikaanza kupiga ngumi, na wote wakaamriwa kukutana kwenye pigo la kwanza. Ukishakutana na wenzako hapo kwenye moja, una uhuru wa kufanya utakacho hadi moja inayofuata.

Mtu wa Buganda au Busoga hahitaji kuelezwa sana hapa, maana masikio yake yamekwishafunzwa. Amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao 12, hupigwa na watu wanaoketi wakitazamana. Wa kwanza hupiga sehemu iitwayo okunaga. Wa pili huingiza okwawula katikati ya mapigo ya mwenzake, pale penye nafasi. Wa tatu hubaki kwenye mbao mbili za sauti ya juu kabisa na kuokota zile sauti zinazojitokeza zenyewe. Kila mmoja anapiga kitu chepesi, lakini vikisukwa pamoja masikio yanasikia melodi ambayo hakuna mchezaji mmoja aliyeipiga. Muziki huo ulilelewa katika jumba la Kabaka pale Mengo, na wapigaji wake walitawanyika jeshi la serikali lilipolivamia jumba hilo Mei 1966. Mwaka mmoja baadaye, upande wa pili wa dunia, bendi ya Brown ilikuwa ikirekodi "Cold Sweat" kwa kanuni inayofanana sana: hakuna mwenye wimbo mzima, kila mmoja ana kipande chake, na vipande vinafungana.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili. Sikiliza "Cold Sweat" mara tatu. Mara ya kwanza fuata gitaa tu, mara ya pili besi tu, mara ya tatu zile tarumbeta na saksafoni. Utagundua kwamba hizo za kupulizwa hupiga noti mbili za kujibu, kama watu wanaoitikia. Pee Wee Ellis, mpiga saksafoni aliyeutunga wimbo huo pamoja na Brown, ameeleza kwamba wazo hilo lilimjia kutoka kwenye jazi, katika wimbo "So What" wa Miles Davis.

Hapo mlango umefunguka wenyewe. "So What" ndiyo inayofungua albamu ya "Kind of Blue", iliyorekodiwa New York kwa siku mbili tu za mwaka 1959, na ambayo hadi leo ni miongoni mwa albamu za jazi zilizouzwa zaidi. Besi ya Paul Chambers inauliza swali, wapulizaji wanajibu kwa noti mbili. Aliyetoka kusikiliza "Cold Sweat" atatabasamu, kwa sababu ni kama kumkuta mtoto kwanza halafu ukaonyeshwa baba yake.

Kinachofuata ndicho huwachanganya wageni. Melodi inakwisha, na watu wanaanza kupiga vitu visivyojirudia. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wimbo umepotea. Haujapotea. Fikiria malumbano ya washairi: bahari imewekwa, vina vimewekwa, idadi ya mizani inajulikana, kisha kila mshairi anasimama na kuleta yake. Davis anaanza kwa maneno machache. John Coltrane anafuata, na yeye ni msemaji, anamimina. Cannonball Adderley anakuja na uchangamfu kama wa mtu wa kanisani. Bill Evans anafunga kwa piano ya mtu mwenye haya. Chini yao besi na dramu haziachi kushika mizani. Mwishoni kibwagizo kinarudi, swali na jibu, na mambo yanakwisha. Kwa sehemu kubwa jazi ndiyo hiyo. Nyingine zote zinaongeza ugumu wa bahari au mwendo wa kasi.

Majina yaliyosafiri

Turudi kwa Ndugu, kwa sababu yeye ni mmoja tu katika kundi zima.

Mnamo Desemba 31, 1970, mpiga piano Herbie Hancock aliingia studio jijini San Francisco na bendi yake kurekodi albamu aliyoipa jina "Mwandishi". Hilo lilikuwa jina lake mwenyewe la Kiswahili, na wenzake nao walikuwa na yao. Buster Williams wa besi aliitwa Mchezaji. Billy Hart wa dramu aliitwa Jabali. Bennie Maupin wa saksafoni aliitwa Mwile, jina lenye mzizi wa mwili. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na hilo halikuwa la kupamba tu, kwani Henderson alikuwa daktari wa kweli aliyesomea udaktari. Julian Priester wa tromboni aliitwa Pepo Mtoto. Yaelekea hakuna mtu wa Pemba au Tanga aliyeulizwa ushauri kabla ya hilo la mwisho kupitishwa.

Aliyewaletea mtindo huo wa majina ni mpiga ngoma kijana, James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mtume alitoka katika vuguvugu la Wamarekani weusi lililokichukua Kiswahili kama lugha ya kujitambulisha na Afrika, vuguvugu lilelile lililozaa sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Walikipenda kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja. Baadaye Mtume alipiga ngoma katika bendi ya Miles Davis, na mwaka 1983 kundi lake lilitoa "Juicy Fruit", fanki laini ambayo mwaka 1994 iligeuzwa kuwa msingi wa "Juicy" ya Notorious B.I.G. Vijana wa Kampala wanaoijua "Juicy" kwa moyo, na ni wengi, wamekuwa wakimsikiliza Mtume bila kumjua.

Hapa kuna jambo ambalo msikilizaji wa Uganda hawezi kulipita haraka. Siku 25 baada ya kurekodiwa kwa "Mwandishi", Januari 25, 1971, Idi Amin alipindua serikali mjini Kampala. Miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wakijiita Ndugu na Jabali kama alama ya uhuru, ndiyo miaka ambayo kwa wakazi wengi wa Kampala Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, akidai kitambulisho. Mwaka 1973 Amin alikitangaza lugha ya taifa kwa amri. Majeshi yaliyomwondoa Aprili 1979 nayo yalikuja yakizungumza Kiswahili. Si ajabu kwamba familia nyingi za hapa zilikaa mbali nacho kwa vizazi viwili. Baraza la Mawaziri liliporidhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kuagiza kifundishwe shuleni, ubishi uliosikika mitaani ulikuwa na kumbukumbu hiyo ndani yake.

Jalada la santuri la mwaka 1971 haliwezi kuifuta kumbukumbu ya namna hiyo. Linaonyesha tu kwamba lugha iliyoogopwa mtaani ilikuwa na maisha mengine kabisa mahali pengine, katika vinywa vya watu walioitafuta wenyewe.

Na Hancock hakuwa wa kwanza. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi "Uhuru Afrika" pamoja na bendi kubwa, mpangaji wa muziki akiwa mwanamama Melba Liston na maneno yakiwa ya mshairi Langston Hughes. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike mwanzoni kabisa. Sauti inayofungua albamu hiyo ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisema kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza" na ya mwisho "Kucheza Blues". Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku mwaka 1964. Ni albamu ambayo kila idhaa ya Kiswahili ingepaswa kuwa nayo, na ni nadra kuisikia kwenye redio yoyote kati ya Kampala na Mtwara.

Ushauri wa kweli kuhusu "Mwandishi" yenyewe: ni ngumu. Wimbo wake wa kwanza, "Ostinato", unazunguka kwenye kundi la mapigo 15, na Ndugu ni mmoja wa wanaoupiga. Usihesabu. Uache uzunguke kama ngoma ya usiku inayosikika kutoka kijiji cha pili. Ukikushinda, nenda moja kwa moja kwa "Head Hunters", ambayo Hancock aliitoa Oktoba 1973 baada ya kuchoka, kwa maelezo yake, na muziki unaoelea angani. Akatafuta ardhi, na ardhi aliyoipata ni fanki. "Chameleon" inaanza kwa besi ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuiimba. Kisha ipo "Watermelon Man", utunzi wake wa zamani alioufanya upya. Mlio wa ajabu wa mwanzoni si filimbi. Ni Bill Summers akipuliza chupa ya bia, akiiga hindewhu, mtindo wa Wababenzele wa misitu ya Afrika ya Kati wa kupokezana sauti ya mdomo na sauti ya filimbi yenye noti moja. Suala la nani alistahili malipo kwa mlio huo limeandikiwa kurasa nyingi na wasomi wa muziki. Lakini kwa mgeni wa fanki anayeketi Kampala, ule mlio una jambo jepesi la kumwambia: muziki huu umewahi kuja kuchota huku.

Tarumbeta za Kampala

Baada ya hapo masikio yakirudi nyumbani yanarudi yakiwa makali zaidi.

Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka The Cranes, na imevuka nusu karne bila kufa, jambo ambalo bendi chache sana barani zinaweza kulisema. Moses Matovu, mwanzilishi, bado anatajwa kwa vitu viwili pamoja, sauti yake na saksafoni yake. Afrigo si bendi ya jazi. Ni rumba, ni midundo ya Kiganda, ni dansi. Ila msikilize Matovu anapoacha kuimba na kuinua saksafoni. Zile noti fupi za tarumbeta zinazomjibu zinafanya kazi ileile ya wapulizaji wa James Brown. Na anapochukua zamu peke yake, anakopa sentensi kutoka kwenye wimbo, anaigeuza, anairudisha. Aliyepita kwa Coltrane atajua kinachotendeka. Watu wa Kampala wamekuwa wakikicheza kitu hicho tangu siku za Amin bila kuambiwa kina jina.

Jiji pia lina jazi yenye jina lake kamili. Isaiah Katumwa na saksafoni yake amewafanya Waganda wengi wakubali kununua tiketi ya muziki usio na mwimbaji, na hilo si dogo. Tshaka Mayanja, mpiga besi, aliijenga Jazz Safari na kuwaleta wageni kutoka nje jukwaani Kampala. Hii ni jazi laini zaidi, ya kuketi, na mara nyingi ni ya hotelini. Ina utamu wake. Tatizo lake ni kwamba husikilizwa huku watu wakila, na mgeni anaweza kudhani kwamba jazi yote ni mchuzi wa kuteremshia chakula.

Mwenye kutaka kuona mahali ambapo muziki huu unaweza kuota tena aangalie kwingine. Mwaka 1996 watoto waliokuwa wakiishi mitaani Kampala walianzisha kundi la M-Lisada, na kilichowaunganisha ni bendi ya tarumbeta. Tangu mwaka 2009 shirika la Brass for Africa nalo limekuwa likifundisha vyombo vya kupuliza watoto wa mazingira magumu nchini. Jioni, katika mitaa ya kusini mwa jiji, mtu anaweza kusikia mizani ya tarumbeta ikirudiwarudiwa, noti ya saba ikikosewa, ikirudiwa tena.

Louis Armstrong, ambaye jazi ya peke yake, ya mpulizaji mmoja kusimama mbele na kusema yake, inamtambua kama baba, hakujifunzia muziki chuoni. Alikamatwa akiwa mtoto huko New Orleans, akapelekwa katika nyumba ya kurekebisha watoto weusi mwaka 1913, na humo ndani ndimo alimofundishwa vizuri kupiga tarumbeta ndogo, koneti, katika bendi ya nyumba hiyo. Miaka 47 baadaye, Oktoba 1960, umati wa Leopoldville, Kinshasa ya leo, ulimbeba juu kwa juu kwenye kiti kama mfalme. Tarumbeta za kuandamana barabarani, mikononi mwa watoto wasio na mtu: hiyo ndiyo mbegu ya jazi ilivyokuwa, na Kampala inayo. Nairobi inayo pia, Korogocho, ambako mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha vijana na kuwafikisha kwenye majukwaa ya tamasha la jazi la Safaricom.

Kinachokosekana hapa ni pa kupigia. Mwimbaji anayepanda jukwaani na kuimba juu ya muziki uliorekodiwa ni rahisi kwa mwenye ukumbi kuliko watu kumi wenye vyombo, usafiri na njaa. Kijana aliyetumia miaka minane kujua tromboni anaishia kupiga wimbo mmoja wa mapenzi kwenye sherehe za kwanjula, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hadhira inayojua kusikiliza ingempa sababu ya kuendelea, na hadhira hiyo haitatoka kwenye meza za hoteli pekee.

Fanki yetu iko wapi?

Swali la haki ni hili: je, Afrika Mashariki haikupiga fanki yake? Ilipiga. Kutoka Kenya walitoka Matata, waliokwenda London na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakarekodi huko fanki yenye jasho la kweli. Mombasa ilimtoa Slim Ali, sauti ya soul iliyopambana na yeyote, akiwa na Hodi Boys. Dar es Salaam ilikuwa na Afro 70 ya Patrick Balisidya, na ilikuwa na Sunburst, kundi lililochanganya wanamuziki wa zaidi ya nchi moja na kurekodi albamu yake, "Ave Africa", Zambia. Kinshasa ilikuwa na Verckys, mpiga saksafoni aliyetoka OK Jazz mwaka 1969 na kuanza kuipeleka rumba kwenye fanki, miaka mitano kabla James Brown hajatua jijini humo kwa tamasha la Zaire 74. Kaskazini, Mulatu Astatke, aliyesoma Uingereza na Marekani, alirudi Addis Ababa na kuiweka mizani ya Kihabeshi ndani ya jazi. Albamu yake "Mulatu of Ethiopia" ya mwaka 1972 ni zawadi nzuri kwa mtu yeyote anayesema jazi haina nyumba Afrika.

Waganda wengi wa wakati huo walirekodi Nairobi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na studio na kiwanda cha santuri. Muziki ulitembea kwa treni na kwa mabasi. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, na Uganda ilikuwa tayari imejifungia kwa hofu. Wanahistoria wa uchumi wamehesabu hasara ya reli na posta. Ya muziki haijahesabiwa sana. Philly Lutaaya, aliyepitia The Cranes, aliishia Uswidi, na ni huko alikorekodi "Born in Africa".

Leo mtu anayetaka kuzipata rekodi za Sunburst kamili atazipata kwenye toleo la mwaka 2016 la kampuni ya Strut ya London. Verckys alikusanywa na Analog Africa ya Ujerumani mwaka 2014. Kampuni hizo zimefanya kazi ya maana na zinastahili shukrani. Lakini ni ajabu kwamba Jumuiya yenye wanachama kutoka Mogadishu hadi Kinshasa, yenye sheria za forodha za kila aina ya bidhaa, haina ghala moja la pamoja la sauti zake, na kijana wa Makerere anayetaka kusikia kilichopigwa Dar es Salaam kabla mama yake hajazaliwa anakipata kupitia London, kwa bando lake mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza leo jioni, nyimbo tano zinatosha, kwa mpangilio huu: "Billie Jean" kwa ajili ya Ndugu, "Cold Sweat", "So What", "Watermelon Man" ya mwaka 1973, kisha "Ostinato" kama bado ana moyo. Zote pamoja ni kama dakika 40, ambazo ni foleni ya kawaida ya teksi kutoka katikati ya jiji hadi Ntinda siku ya mvua. Afrigo aiache hadi wikiendi, na asiisikilize kwenye simu. Aende kuiona, na asimame karibu na upande wa wapulizaji. Na mvua ikizidi, teksi isiposogea, afungue "Uhuru Afrika". Dakika zake za mwanzo hazimhitaji mkalimani.